Sukari Mfukoni mwa Sista

Mume wangu hataki kusikia neno "takriban." Mwambie suruali iko sawa takriban, atakutazama kama umemtukania mama yake, kisha ataivuta tepu shingoni na kuanza upya, kiuno, paja, goti, mpaka mteja aombe kiti. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Fundi Milimita. Jina alilopewa na wazazi wake tunalijua mimi na ofisi ya vitambulisho tu. Mimi naitwa Mama Vifungo, kwa sababu kazi yangu pale dukani ni vifungo, pindo na pasi. Yeye anakata na kushona. Mimi namalizia, nawakabidhi watu nguo zao, na nagombana na wanaorudi kulalamika. Hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote.

Chumba chetu ni chembamba. Cherehani iko mlangoni, kwenye mwanga. Meza yangu ya pasi iko mwisho kabisa, ukutani. Katikati kuna bomba la chuma tunalotundikia nguo zilizokwisha, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki, zikisubiri wenyewe. Nawaeleza haya mapema kwa sababu bomba hilo litakuja kunitia aibu.

Sasa mtu huyo huyo wa milimita, akifika kwenye sukari, vipimo vyote vinamtoka kichwani. Kijiko alikiona kinamchelewesha kazi. Aliinamisha kopo juu ya kikombe huku anatazama pembeni, kama mtu anayetoa rushwa. Chai kabla ya kufungua duka, chai baada ya kufungua, chai mteja akija, chai mteja asipokuja. Mchana soda. Katikati ya hapo biskuti za krimu, alizozihifadhi kwenye droo ya cherehani pamoja na bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, ndiyo sababu bobini zetu zote zilikuwa zinanata. Jioni mkate na jamu, na juisi ya boksi, ambayo yeye aliihesabu kuwa tunda. Nikimsema, ananijibu kwamba kazi ya kichwa inataka sukari. Nikimuuliza kichwa kipi, anatia uzi kwenye sindano na kujifanya hamnazo.

Mambo yaliharibika kwa pini. Milimita anashona pekupeku. Anasema akivaa kiatu haisikii cherehani. Siku hiyo pini ilianguka chini, akaikanyaga kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, na hakusikia kitu. Mimi ndiye niliyeona damu kwenye kanyagio. Tukaosha, tukafunga, tukasema kesho kutwa itakuwa imepona. Haikupona. Kidonda kikakaa pale wiki baada ya wiki, kimepanua mdomo, hakifungi wala hakiumi, na hicho cha kutouma ndicho kilichonitia hofu. Nikamburuta kliniki.

Pale kliniki kuna muuguzi tunayemwita Sista, na ni mteja wetu. Hana sare ambayo haijapita chini ya sindano ya Milimita. Ni mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, asiyerudia neno. Akamtoboa kidole cha mkono, akatazama kipimo, akatupeleka kwa daktari. Daktari naye hakuzunguka. Sukari ya mwilini iko juu sana, damu haifiki vizuri kidoleni, dawa hizi hapa za kila siku. Ila dawa peke yake, alisema, haimwezi mtu anayekunywa sukari kutwa nzima. Kidonda kisipofunga, kidole kitakatwa, na wakati mwingine haiishii kwenye kidole.

Watu wengine wangemtazama mume usoni. Mimi nilitazama ule mguu. Ndio uliolisha watoto wetu mpaka wakaondoka nyumbani na meno yote. Mama Birika, jirani yetu anayeuza chai kwenye kibaraza cha duka, aliposikia alishauri tununue cherehani ya umeme. Nikamuuliza hiyo ya umeme inakanyagwa kwa pua.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Milimita hakusema neno. Nikadhani analia kimoyomoyo, nikamwonea huruma, nikamshika mkono. Tulipokaribia dukani akasafisha koo.

"Mama watoto," akasema, "na ile soda ya chungwa nayo? Ile ina chungwa."

Nikauachia mkono.

Asubuhi yake akatangaza mbele yangu, mbele ya Mama Birika na mbele ya mteja aliyekuja kuchukua sketi, kwamba ameacha sukari yote, kuanzia muda huo, na asiulizwe. Hatukumuuliza. Kabla ya mchana alikuwa ameshona mkono wa kulia wa koti upande wa kushoto, amemwambia bwana mmoja kwamba mabega yake hayalingani na alaumu wazazi wake, na ameutupa mkasi ukagonga ukuta. Alasiri nikamkuta nyuma ya robota la vitambaa na chupa ya asali, anailamba kwenye kijiti cha kupimia.

"Asali si sukari," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Asali ni dawa."

Nikampigia Sista simu nikamwekea spika. Sista akasikiliza hadi mwisho. "Fundi," akasema, "mwili hauulizi imetengenezwa na nani." Basi, asali nayo ikapita njia ya soda.

Hapo nikajua kwamba mume wangu hawezi kuacha kwa kishindo. Nikaona nimsaidie bila yeye kujua, maana mke mwenye akili hasubiri kuombwa. Nikamwita Mama Birika pembeni. Tulikuwa tumekubaliana wote kwamba kopo la sukari litoke dukani na chai ya Milimita ije ikiwa imetiwa sukari tayari, ya wastani. Nikamwambia Mama Birika, huo wastani tuutafune kidogo kidogo. Leo punguza ncha ya kijiko. Ukiona hajasema kitu, punguza tena. Tia tangawizi, tia mdalasini, mchanganye ulimi. Ulimi unazoea, Sista alisema hivyo mwenyewe, ila unataka muda.

"Na jina langu je?" Mama Birika akauliza. "Watu wakisikia chai yangu ni maji ya moto?"

"Jina lako litabaki. Mtu mmoja tu ndiye anayepunjwa."

Akakubali shingo upande, na tukala njama. Biskuti nikazitoa kwenye droo, nikaweka karanga. Soda nikaiondoa, nikaweka jagi la maji na vipande vya limau. Juisi ya boksi nikambadilishia na chungwa lenyewe, amenye atafune. Jamu nikaipeleka kwa dada yangu, ambaye aliipokea bila maswali. Milimita alinuna kwa hayo yote, akasema namfuga kama kuku wa mayai. Lakini chai, wallahi, hakuigusia. Mama Birika alipunguza, nami nikawa nachungulia kutoka kwenye pasi. Milimita anainua kikombe, anakunywa, anafumba macho.

"Chai ya leo safi," anasema.

Tukipunguza tena, anasema safi kuliko ya jana. Ilifika mahali Mama Birika alikuwa anamletea chai ambayo mimi mwenyewe nilipoionja nilikunja uso kwa uchungu wake, na mume wangu anainywa na kujilamba. Nilivimba kichwa. Nilimsimulia dada yangu, nikamsimulia muuza vifungo wa jumla, nikaanza kuwashauri wanawake wengine namna ya kuwatengeneza waume zao. Nilijiona natakiwa kufunguliwa darasa.

Jambo moja tu halikunikaa vizuri, nalo lilikuwa sauti. Cherehani ya kukanyaga ukiizoea unaisikia kama unavyosikia mtu wako akipanda ngazi. Ikikanyagwa kwa miguu miwili inaondoka mara moja na kukimbia. Ikikanyagwa kwa mmoja, gurudumu linasita, linarudi nyuma kidogo, na uzi unakatika. Ya kwetu ilikuwa inasita. Kila mshono mpya, inasita, uzi unakatika, Milimita anaguna na kutia uzi upya. Alikuwa ameuvuta mguu wa kulia nyuma, ameuficha chini ya kiti, anashona kwa wa kushoto peke yake. Kidonda hakikuwa kinafunga. Mimi nilikuwa nainama juu ya pasi na kusikiliza, na siku nyingine nilisahau pasi mpaka nikanusa kitambaa kinaungua.

Tuliporudi kliniki nilikwenda nimejipamba. Nilikuwa nimejiandaa kusifiwa. Sista akatoboa kidole, akatazama kipimo, akanitazama mimi. Sukari ilikuwa juu kama mwanzo.

"Mama, mnafuata tulivyosema?" akaniuliza.

"Sista, huyu mtu anakunywa chai chungu kama mwarobaini."

Hakunibishia. Aliandika tu, kwa ule upole wake, na ule upole ndio ulioniuma, kwa kuwa niliona hakuniamini. Daktari akakifunua kidole, akakibonyeza pembeni, akasema atatusubiri mpaka miadi inayofuata. Kikiwa hivi hivi, tuje na nguo za kulala hospitali. Milimita akatazama ukuta. Kwenye ule ukuta palikuwa na picha ya mguu iliyochorwa na mishipa yake yote, na mimi nikaogopa, sisemi uongo.

Nikaanza msako. Nilitoa droo zote za cherehani. Nilimwaga makopo ya vifungo, kopo baada ya kopo. Nilipapasa mifuko ya nguo zake, nikainua godoro, nikanusa chupa ya mafuta ya cherehani. Nilimtuhumu Mama Birika usoni kwamba ananizunguka, na akasusa kuleta chai siku nzima. Sikupata hata chembe. Nikabaki najiuliza kama sukari inaweza kuingia mwilini kwa kuvutwa na upepo.

Ikawa siku Milimita ametoka kununua nyuzi, na Sista akapita kuchukua sare yake, ambayo ilikuwa imepunguzwa kiuno. Nikaishusha kwenye bomba, nikampa ndani ya plastiki yake, nikamsindikiza kwa maneno mazuri kwa sababu bado nilitaka aniamini. Milimita aliporudi akatazama bomba. Akalitazama tena.

"Sare ya Sista iko wapi?"

"Kaichukua."

"Umempa hivyo hivyo?"

"Ulitaka nimpe na keki?"

Akakaa. Akatia uzi mweusi kwenye shati jeupe, na hakuona mpaka alipofika kwenye kola. Nikajisemea mzee anachoka.

Kesho yake Sista akaja, bado yumo ndani ya ile sare. Hakukaa kwenye kiti nilichomvutia. Akatia mkono mfukoni, akatoa kitu, akakiweka juu ya meza yangu ya pasi.

Kilikuwa kifuko. Kidogo, cha kitambaa cha bitana, kile cha kijivu tunachotia ndani ya makoti. Kimeshonwa pande zote, kimepigwa pindo mdomoni, kimetiwa kamba ya kukazia. Kilikuwa kimejaa nusu tu, na punje nyeupe zilikuwa zimeganda kwenye kamba.

"Asubuhi nilikuwa na darasa la wagonjwa wa sukari," Sista akasema. "Benchi limejaa. Nawaambia wajihadhari na ile sukari wasiyoiona, iliyojificha kwenye soda, kwenye juisi, kwenye sosi ya nyanya. Natia mkono mfukoni nitoe kalamu, natoa hiki, kamba inalegea, kinamwagika mpaka kwenye viatu vyangu. Mgonjwa mmoja akasema, 'Sista, kumbe ndiyo hiyo isiyoonekana.'"

Sikucheka. Namaanisha, sikucheka kwa sauti. Mama Birika, aliyekuwa ameweka sikio mlangoni, yeye alishindwa, akaenda kucheka upande wa pili wa barabara.

"Labda amekiokota huko kliniki," Milimita akasema kutoka kwenye cherehani, bila kugeuka.

Nikakichukua kile kifuko, nikakigeuza. Kila fundi ana namna yake ya kumaliza mshono. Wangu anaurudisha uzi nyuma, kisha anaacha kialama kidogo cha msalaba kwa ndani, pale ambapo mteja hataona kamwe. Nimemwambia miaka yote kwamba anapoteza uzi na muda. Ananijibu kwamba kazi yenye mwisho mbaya haina mwisho. Na pale ndani ya kifuko cha wizi, kwenye kona, palikuwa na ule msalaba wake, umelala vizuri. Mtu anaiba sukari na bado anapiga pindo.

Nikaenda kwenye bomba. Koti la mwalimu mkuu, mfuko wa ndani: kifuko. Suti ya bwana harusi, mfuko wa nyuma wa suruali: kifuko. Gauni la mama wa bwana harusi, ambalo halina mfuko, kilikuwa kimebanwa kwa pini ndani ya kwapa. Nguo zote hizo nilizipiga pasi mwenyewe, nikazivalisha plastiki mwenyewe, ndiyo maana sikuwa na haja ya kuzipekua. Alijua hivyo. Kila mteja alipokaribia kuja, Milimita alihamisha mzigo kwenda nguo nyingine. Sista alimwotea kwa kuja siku ambayo hakutegemewa.

"Na chai?" nikamuuliza. "Ile chai chungu uliyokuwa unaisifia?"

"Siku ya kwanza tu mlipopunguza nilijua," akasema. "Koti likizidi uzi mmoja nalijua, chai ikipungua nisijue? Mlipunguza, mimi nikaachia, kama tunavyoachia kiuno cha suruali. Ukiinama kwenye pasi, mimi naenda kwenye bomba, kikombe mkononi, kutazama kama nguo haijakunjamana."

"Kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa na furaha sana, wewe na Mama Birika. Sikutaka kuwaharibia."

Jamani, mimi nina mdomo, na watu wa mtaani wanajua. Siku hiyo nilitaka kumwambia maneno ambayo Sista angelazimika kutoka nje. Nilifungua mdomo niyaseme, na kilichotoka si hicho.

"Unajua nasikia nini nikiwa pale kwenye pasi?" nikamwambia. "Nasikia mguu mmoja. Kutwa nzima nasikia mguu mmoja. Kila uzi ukikatika nakatika na mimi. Nimekaa nikijiambia labda kesho nitasikia miwili, na wewe upo hapo unakula mguu wako mwenyewe kwa kijiko."

Milimita akageuka. Akautazama mguu aliouficha chini ya kiti, kisha akanitazama.

"Nilidhani husikii," akasema.

"Nasikia."

Sista akakaa kwenye kile kiti nilichomvutia. Hatimaye Milimita akavuta tepu shingoni, akaizungusha kidoleni kama afanyavyo akifikiria kitambaa kigumu.

"Ila na nyinyi mmekosea," akasema. "Nguo haipunguzwi mwenyewe akiwa amelala. Mteja anasimama mbele ya kioo, unabana huku, unabana huku, unamuuliza, anasema hapa panatosha, hapa bado. Ndivyo nilivyopunguza sare hii. Mngeniita nisimame kwenye kioo."

"Basi simama," Sista akasema. "Nani kakuzuia?"

Jioni ile, kabla hatujafunga, akakata kipande cha bitana. Akashona kifuko kimoja, akajaza sukari mbele yetu, akakitundika kwenye msumari juu ya cherehani, hadharani, kila mwenye macho akione. Hiyo ndiyo sukari yangu ya siku, akasema, ikiisha imeisha mpaka kesho. Jumatatu iliyofuata akashona kingine, chembamba kidogo kuliko cha kwanza, na kile cha zamani akakitupa. Jumatatu nyingine, kingine. Kila kimoja kina pindo, kina kamba, kina ule msalaba wake ndani. Wateja walidhani ni dawa ya kuvuta biashara, na sikuwakatalia.

Na mimi akanishonea changu, cha maua.

"Mimi siumwi," nikamwambia.

"Ndiyo wakati mzuri wa kupunguza," akanijibu, huku anatabasamu kwa upande ule nisioupenda. Kumbe nami nilikuwa nazama kwenye kopo bila kujua. Wiki ya kwanza niligombana na pasi. Wiki ya pili nikagombana na Mama Birika, ila huyo tungegombana hata hivyo. Baadaye nikaanza kusikia ladha ya tangawizi, halafu ya majani yenyewe, na nikashangaa kwamba miaka yote nilikuwa nakunywa kitu nisichokijua.

Vifuko vikaendelea kupungua mpaka vikawa vya kuchekesha. Wateja walikuwa wanapita Jumatatu kutazama tu. Kisha ikaja Jumatatu moja, Milimita amekata kipande kisichozidi ukucha, ameshona pande tatu, sasa anataka kukigeuza ndani kuwe nje. Hakigeuki. Akachomeka ncha ya mkasi. Akachomeka sindano. Akachomeka kijiti cha kiberiti, kikavunjikia humo. Jasho linamtoka, ulimi uko nje, na mimi nimekaa nakula karanga.

"Hiki hakigeuziki," akasema mwishowe.

"Kwa hiyo?"

Akakitazama kwa muda mrefu. Kutumia kifuko kisichogeuzwa, mishono inaonekana nje, hilo haliwezi kutokea katika duka lake.

"Kwa hiyo basi," akasema. "Mwambie Mama Birika chai ije ilivyo."

Haikuwa miujiza. Dawa alimeza kila siku, na Sista alikisafisha kidonda na kukifunga kwa mikono yake, bila kukumbusha habari ya darasa hata mara moja, ingawa nasikia pale kliniki bado wagonjwa wanamwita Sista Isiyoonekana. Siku moja Mama Birika alichanganya vikombe, akampa Milimita chai ya mteja mwingine. Akapiga funda, akakirudisha kikombe mezani kwa haraka. "Hii umemtengenezea nani," akauliza, "nyuki?" Mama Birika alinitazama, nikamtazama, na nikamsamehe mambo mengi siku ile.

Miadi ikafika. Hatukubeba nguo za kulala. Sista akatazama kipimo, akakigeuza kwangu nione mwenyewe, na hicho ndicho nilichokihesabu kuwa msamaha. Daktari akabonyeza kidole. Kidonda kilikuwa kimeshikana, kimebaki kijikovu cha waridi. Kidole kinakaa, akasema. Sasa tumwache apone vizuri, na asitembee tena pekupeku, avae viatu laini. Tulipokwenda tena, akamruhusu kushona kwa miguu yote.

Lakini mguu ulikuwa umeingiwa na woga. Alivaa viatu laini kama alivyoambiwa, akakaa kwenye cherehani, na mguu wa kulia ukaenda wenyewe chini ya kiti. Nikimkumbusha, anasema kesho. Cherehani ikaendelea kusita, uzi ukaendelea kukatika, nami nikaendelea kusikiliza. Sikumlazimisha. Mimi wa mdomo huu, nilinyamaza.

Sasa, kupekua mifuko nako ni ugonjwa. Baada ya mambo yale sikumpa mtu nguo bila kuipapasa kwanza. Juzi nilikuwa namwandalia mwalimu mkuu koti lake jingine. Natia mkono mfuko wa ndani, vidole vikagusa bitana. Kifuko. Kimejaa, kimekazwa kamba, na ndani kuna unga unga mweupe.

Damu ilinipanda. Nikawaza kidole, nikawaza picha ya mishipa ukutani, nikawaza Jumatatu zote zile. Sikumwita. Nilitaka ushahidi kwanza. Nikafungua kamba, nikamimina kiganjani, nikatia kinywani, mwingi, kwa hasira.

Ilikuwa chaki. Chaki ya kuchorea nguo, amekaa akaisaga laini, ameijaza, ameipigia pindo, ameitega mfukoni, na amesubiri. Ilinishika ulimi, ikanishika meno, ikanishika koo. Nikageuka na mdomo mweupe, na yeye alikuwa ameacha kushona muda mrefu, ananitazama.

Alicheka. Alicheka mpaka tepu ikamwanguka shingoni. Alishika meza, akainama, akapiga miguu chini kwa kicheko, yote miwili, na yote miwili ikatua kwenye kanyagio. Cherehani ikaruka. Haikusita, haikurudi nyuma. Iliondoka mara moja ikakimbia pindo zima la shati la watu, mpaka mwisho wa kitambaa, na uzi haukukatika.

Akaacha kucheka. Akautazama mguu wake wa kulia, uliokuwa pale mahali pake, juu ya chuma. Nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia, na chaki tele mdomoni.

"Kanyaga tena," nikamwambia.